Umeme unaopotea njiani: Jinsi serikali zinavyowabana wenye nyaya

MKAZI wa mjini anaponunua umeme wa Luku huona tarakimu mbili tu: fedha alizolipa na uniti alizopata. Asichokiona ni kwamba ndani ya bei ile kumefungwa gharama za safari nzima ya umeme, kuanzia kwenye mtambo wa kuzalishia, kupitia njia kuu za msongo mkubwa, vituo vya kupoza umeme na transfoma ya mtaani, hadi kwenye mita iliyobandikwa ukutani mwake.

Katika safari hiyo umeme hupungua. Sehemu yake hugeuka joto ndani ya nyaya na transfoma, na sehemu nyingine huibwa na wanaojiunganishia kwa msaada wa vishoka. Hata hivyo, umeme huo uliopotea ulikwisha kuzalishwa, na aliyeuzalisha ni lazima alipwe.

Nani basi amlipe? Je, ni kampuni iliyouachia upotee, au ni mteja aliyelipa ankara yake kwa uaminifu? Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililo katikati ya kazi yote ya udhibiti wa sekta ya umeme duniani. Makala haya yanaeleza njia ambazo serikali zimekuwa zikizitumia kwa zaidi ya miaka 100 kuwafanya wenye gridi wafanye kazi kwa ufanisi, mafanikio ya njia hizo na pia mapungufu yake.

Mteja asiyeweza kuhama

Muuza mkate anayepandisha bei bila sababu huwapoteza wateja wake kwa jirani. Kampuni ya kusambaza umeme haina hofu hiyo. Kuweka nguzo na nyaya za kampuni mbili katika mtaa mmoja ni kuongeza gharama maradufu bila faida yoyote kwa mkazi, na kwa hiyo karibu kila nchi huwa na mwenye nyaya mmoja tu katika eneo moja. Wanauchumi huuita uhodhi wa asili. Mteja akichukizwa na huduma, hana pa kwenda.

Kwa sababu hiyo serikali hulazimika kuingilia kati. Nchini Marekani msingi wa kisheria uliwekwa mwaka 1877 katika kesi ya Munn dhidi ya jimbo la Illinois, iliyohusu maghala ya nafaka ya Chicago. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba biashara ya mtu binafsi inapogusa maslahi ya umma, dola ina haki ya kuiwekea kiwango cha juu cha bei. Mwaka 1907 majimbo ya Wisconsin na New York yakaunda tume za kudhibiti huduma kama umeme na gesi, na majimbo mengine yakafuata mkondo huo.

Gharama pamoja na faida

Tume hizo zilitumia utaratibu ulio rahisi kuuelewa. Kampuni huwasilisha hesabu zake, mdhibiti huzikagua na kuondoa matumizi yasiyo na msingi, kisha huruhusu bei itakayorudisha gharama zote halali pamoja na faida ya wastani juu ya mtaji uliowekezwa. Mwekezaji akijua kwamba fedha zake zitarudi, hukubali kukopesha kwa riba nafuu, na mtandao hujengwa. Sehemu kubwa ya gridi ya Marekani ilijengwa kwa njia hii.

Tatizo ni kwamba kampuni inayorudishiwa kila senti iliyotumia haina sababu ya kubana matumizi. Mwaka 1962 wanauchumi wawili wa Marekani, Harvey Averch na Leland Johnson, walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba faida inapopimwa kwa ukubwa wa mtaji, kampuni huvutwa kuwekeza kupita kiasi, kwa kuwa kila jengo jipya huongeza faida.

Tuchukue mfano. Tuseme kampuni ina mali za shilingi bilioni 100, na mdhibiti ameruhusu faida ya asilimia 10. Kampuni hiyo hupata faida ya shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Ina kituo kikuukuu cha kupoza umeme ambacho kingeweza kukarabatiwa kwa shilingi bilioni 2, au kubomolewa na kujengwa kipya kwa shilingi bilioni 20. Ikikarabati, itarudishiwa bilioni 2 zake na mambo yataishia hapo. Ikijenga upya, mtaji wake utaongezeka na faida itapanda kufikia takriban bilioni 12. Hakuna aliyeiba, na kila risiti ni halali, lakini mteja ndiye atakayebeba mzigo huo kwa miaka mingi.

Profesa Littlechild na fomula ya Uingereza

Serikali ya Uingereza ilipojiandaa kuuza shirika lake la simu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitaka kuepuka kasoro hiyo. Kazi ya kupendekeza utaratibu mpya ilipewa Profesa Stephen Littlechild wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ambaye alitoa ripoti yake mwaka 1983. Pendekezo lake lilikuwa kuacha kukagua faida na badala yake kuweka kikomo cha bei.

Fomula yenyewe ilikuwa fupi: bei iruhusiwe kupanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei, ikipunguzwa kwa asilimia fulani iliyopewa jina la X. Ikiwa mfumuko ni asilimia 5 na X ni 3, kampuni inaweza kupandisha bei kwa asilimia 2 tu. Kikomo hicho hudumu kwa miaka kadhaa, kwa kawaida mitano. Katika kipindi hicho kampuni ikipunguza gharama kuliko ilivyotarajiwa, akiba yote ni yake. Ikifanya uzembe, hasara ni yake pia. Muda ukiisha, mdhibiti hufungua vitabu upya na kushusha bei, ili akiba iliyopatikana imfikie mteja.

Ubora wa utaratibu huu ni kwamba mdhibiti hahitaji kujua jinsi ya kuendesha kampuni. Anachofanya ni kuweka lengo, kisha tamaa ya faida inafanya kazi iliyobaki. Kampuni inapotafuta akiba kwa ajili ya wenye hisa wake, humfichulia mdhibiti gharama halisi za kazi hiyo.

Sekta ya umeme ya Uingereza iliingia katika utaratibu huu baada ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1989. Desemba 1990 kampuni 12 za usambazaji za England na Wales ziliuzwa kwa wananchi na wawekezaji, na Profesa Littlechild mwenyewe akawa mdhibiti wa kwanza wa sekta hiyo.

Aibu ya mwaka 1995

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mdhibiti hulala mbali na kitanda hicho. Hesabu zote anazozitumia kuweka kikomo cha bei hutoka kwa kampuni yenyewe, na kampuni ina kila sababu ya kudai kwamba mambo ni magumu.

Katika miaka mitano ya mwanzo kampuni za usambazaji ziliruhusiwa hata kupandisha bei juu ya mfumuko, kwa hoja kwamba zilihitaji fedha za kukarabati mtandao. Zilipunguza wafanyakazi na gharama kwa kasi kubwa kuliko ilivyofikiriwa, na faida zikafura. Agosti 1994 mdhibiti alitangaza kwamba kuanzia Aprili 1995 bei za usambazaji zingeshuka kwa kati ya asilimia 11 na 17. Yeye aliona amekaza kamba, lakini soko la hisa likasema vingine, kwani bei za hisa za kampuni hizo zilipanda.

Desemba mwaka huohuo kampuni ya Trafalgar House ilitaka kuinunua Northern Electric, mojawapo ya kampuni hizo 12. Ili kujinasua, Northern Electric iliwaahidi wanahisa wake malipo ya mamia ya mamilioni ya pauni endapo wangekataa kuuza. Umma ulishtuka. Kampuni iliyodai kwamba kikomo cha bei kingeiumiza ilikuwa na akiba ya kugawa kiasi hicho!

Machi 1995 Profesa Littlechild alitangaza kwamba angeitazama upya hesabu yake, na baadaye mwaka huo akaamuru punguzo jingine la kati ya asilimia 10 na 13 kuanzia Aprili 1996. Wateja walinufaika, lakini kulikuwa na gharama. Ahadi ya kikomo cha miaka mitano ilikuwa imevunjwa, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya utaratibu mzima. Mwaka 1997 serikali mpya ya chama cha Labour ikaongeza kodi maalumu ya pauni bilioni 5.2 kwa kampuni za huduma zilizobinafsishwa, ikisema ziliuzwa kwa bei ya chini mno.

Fundisho lililobaki ni kwamba kikomo kilegevu huzalisha faida isiyovumilika mbele ya umma, nacho kikomo kikali mno huizuia kampuni kuwekeza. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na mdhibiti huipita gizani.

Kubana matumizi si kuacha nguzo zioze

Kuna hatari nyingine ambayo mkazi wa mji wowote anaweza kuielewa. Njia nyepesi kuliko zote ya kupunguza gharama ni kutofanya kazi: kutokata matawi yanayogusa nyaya, kutobadilisha transfoma iliyochoka, kupunguza mafundi wa zamu ya usiku. Kwa miaka miwili au mitatu hesabu hupendeza. Kisha mvua za kwanza hunyesha, na mtaa mzima hulala gizani.

Kwa hiyo wadhibiti waligundua kwamba kikomo cha bei ni lazima kiambatane na kipimo cha huduma. Uingereza iliweka viwango ambavyo kampuni ikishindwa kuvitimiza, kama vile kurudisha umeme ndani ya muda uliowekwa, humlipa mteja fidia. Kuanzia mwaka 2002 mapato ya kampuni za usambazaji yalianza pia kupanda au kushuka kulingana na idadi na urefu wa katizo la umeme.

Norway ilichagua njia iliyo wazi zaidi. Tangu mwaka 2001 umeme unaokosekana kwa sababu ya hitilafu au matengenezo huhesabiwa kwa fedha, kwa kukadiria hasara anayoipata mteja wa aina husika, iwe nyumba, kiwanda au duka. Kiasi hicho hupunguza mapato ambayo kampuni inaruhusiwa kukusanya. Meneja anapoamua kama abadilishe kifaa kikuukuu au la, giza lina bei kwenye daftari lake sawa na nguzo na waya.

Kuzishindanisha kampuni zisizoshindana

Norway ina mtandao uliogawanywa kati ya kampuni nyingi, nyingi zikiwa mali ya manispaa. Hali hiyo humpa mdhibiti silaha ambayo nchi yenye shirika moja haina, yaani kulinganisha. Mwaka 1985 mwanauchumi Andrei Shleifer alieleza jinsi bei ya kampuni moja inavyoweza kupangwa kwa kutazama gharama za nyingine zinazofanana nayo. Kampuni haiwezi tena kulalamika kwamba jambo fulani haliwezekani iwapo mwenzake wa bonde la pili ameliweza.

Utaratibu huo ulianza kutumika rasmi nchini humo mwaka 2007. Sehemu ya mapato yanayoruhusiwa ilitokana na gharama za kampuni yenyewe kwa uzito wa asilimia 40, na sehemu iliyobaki, asilimia 60, ilitokana na gharama ambazo kampuni yenye ufanisi ingetumia kufanya kazi ileile. Mdhibiti huzingatia tofauti za mazingira, kwa kuwa kupitisha waya juu ya milima yenye theluji si sawa na kuupitisha katika tambarare. Kampuni yenye ufanisi kuliko wastani hupata faida ya juu, na iliyo chini ya wastani hupata kidogo.

Utaratibu mpya na makosa mapya

Uingereza iliendelea kutumia fomula ya Profesa Littlechild kwa takriban miaka 20. Kati ya 2008 na 2010 mamlaka ya udhibiti, Ofgem, iliifanyia tathmini na kuona kwamba fomula iliyobuniwa kukata gharama isingetosha katika zama ambazo gridi inapaswa kupokea umeme wa upepo na jua. Utaratibu mpya uliopewa jina la RIIO ulianza Aprili 2013 kwa kampuni za usafirishaji, na Aprili 2015 kwa wasambazaji wa umeme.

Mambo matatu yaliubainisha. Kwanza, kampuni ilipewa orodha ya matokeo ya kufikia, kama vile usalama, uhakika wa umeme na kasi ya kuwaunganisha wateja. Pili, gharama za kujenga na gharama za kuendesha zilitiwa kwenye kapu moja, na sehemu iliyopangwa ya kapu hilo ikahesabiwa kuwa mtaji bila kujali fedha zilitumikaje. Kwa njia hiyo ule mvuto wa kujenga badala ya kukarabati, uliokwisha kuelezwa hapo juu, ulipunguzwa. Tatu, akiba au hasara ziligawanywa kati ya kampuni na wateja wake kwa uwiano uliotangazwa mapema.

Kipindi cha kwanza kilipewa miaka minane ili kampuni zipange mambo ya mbali, lakini hapo napo pakaonekana ufa. Riba za mikopo zilishuka kuliko makadirio, na kampuni zikaendelea kukusanya faida iliyopangwa kwa hali ya zamani. Mwaka 2017 taasisi ya kutetea wateja ya Citizens Advice ilikadiria kwamba wateja wangelipa pauni bilioni 7.5 za ziada katika kipindi hicho. Kipindi kilichofuata, kilichoanza Aprili 2021, kilirudishwa kuwa cha miaka mitano, na faida inayoruhusiwa ikapunguzwa.

Aidha, Oktoba 2024 kazi ya kupanga na kuongoza mwenendo wa gridi ya Uingereza ilikabidhiwa kwa chombo cha umma. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni inayofaidika kwa kujenga nyaya haipaswi kuwa yenyewe ndiyo inayoamua kama nyaya mpya zinahitajika.

Kuuza kidogo bila kupata hasara

Ufanisi hauishii kwenye nyaya. Balbu inayotumia umeme mdogo na jokofu lisilo na pupa humsaidia mteja na taifa, lakini kampuni inayolipwa kwa kila uniti huona hasara kila mteja anapookoa. Ni vigumu kumtaka muuzaji awashauri wateja wake wanunue kidogo.

Jimbo la California nchini Marekani lilianza mwaka 1982 kutenganisha mapato ya kampuni za umeme na kiasi cha umeme kinachouzwa. Mdhibiti hupanga mapato ya mwaka. Mauzo yakipungua, bei ya mwaka unaofuata hurekebishwa kidogo ili kampuni ifikie kiasi kilichopangwa. Yakizidi, ziada hurudishwa kwa wateja. Kampuni haitajiriki kwa kuuza zaidi wala haiumii kwa kuuza pungufu, na kwa hiyo huweza kuendesha programu za kupunguza matumizi bila kinyongo.

Darasa la Uganda

Hakuna haja ya kwenda mbali kuona nguvu na udhaifu wa mbinu hizi. Uganda ilipitisha Sheria ya Umeme mwaka 1999 na kuunda mamlaka ya udhibiti, ERA. Mwaka 2001 shirika la umeme la taifa, UEB, liligawanywa katika kampuni tatu, za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Machi 2005 usambazaji ulikodishwa kwa kampuni binafsi ya Umeme kwa miaka 20.

Wakati huo karibu asilimia 38 ya umeme ulioingia kwenye mtandao wa usambazaji ulikuwa unapotea. Mkataba uliweka malengo ya upotevu, ukusanyaji wa ankara na gharama za uendeshaji. Kampuni ikivuka lengo, tofauti ilikuwa yake. Ikishindwa, ilibeba hasara. Motisha hiyo ilizaa matunda. Mita za malipo ya kabla, maarufu nchini humo kwa jina la Yaka, zilisambazwa kuanzia mwaka 2011, wezi wa umeme wakasakwa, na upotevu ukashuka hadi karibu asilimia 17 mwishoni mwa muongo wa 2010. Wateja waliokuwa chini ya 300,000 waliongezeka hadi kupita milioni 2.

Hata hivyo, mkataba huohuo uliiahidi kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji iliouwekeza. Kwa maneno mengine, upande mmoja wa mkataba ulifuata fikra za Profesa Littlechild, na upande mwingine ulibaki na kasoro ya Averch na Johnson. Kila nguzo mpya ilipunguza upotevu na wakati huohuo ikaongeza kiasi ambacho wateja walipaswa kulipia kwa kiwango hicho kikubwa cha faida. Ilikuwa kiwango kilichopangwa wakati wawekezaji waliiogopa Uganda, lakini kilidumu hata hofu ilipopungua. Wabunge na wananchi walilalamika kwa miaka mingi kuhusu bei.

Mkataba ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, serikali haikuuongeza. Kampuni ya umma ya UEDCL ilishika kazi siku iliyofuata. Serikali ililipa dola milioni 118 za Marekani kwa uwekezaji ambao ulikuwa haujarudishwa, kampuni ikadai zaidi, na mgogoro ukapelekwa mbele ya wasuluhishi wa London. Wateja wa Kampala sasa watapima kama shirika la umma linaweza kuulinda ufanisi uliopatikana bila kichocheo cha faida.

Mdhibiti na shirika la umma

Swali hilo linaigusa Tanzania moja kwa moja. TANESCO ni mali ya Serikali, na inadhibitiwa na EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Kikomo cha bei hufanya kazi kwa kumwogopesha mwenye hisa kwamba atapoteza fedha. Mwenye hisa anapokuwa Serikali, hasara hurudi kwa mlipakodi, ambaye mara nyingi ndiye mteja mwenyewe. Akiepushwa kwenye ankara, hukutana nayo kwenye bajeti.

Tanzania iliwahi kujaribu njia ya kuuacha umiliki kwa Serikali na kukodi menejimenti. Mei 2002 kampuni ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini ilikabidhiwa uendeshaji wa TANESCO, na sehemu ya malipo yake ilitegemea ongezeko la makusanyo. Wadaiwa sugu walikatiwa umeme, zikiwamo taasisi za umma, na makusanyo yakapanda sana. Lakini mtandao na mitambo havikukua kwa kasi ileile, kwa sababu hilo silo lililokuwa likilipiwa. Mkataba ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2006, mwaka uleule ambao ukame ulipunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme. Mtu hutenda kile anacholipwa kutenda.

Jambo la pili ni uhuru wa mdhibiti. Desemba 2016 EWURA iliidhinisha bei ya umeme ipande kwa wastani wa asilimia 8.5. Kabla ongezeko halijaanza kutumika Januari 2017, Serikali ililizuia, na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Wananchi wengi walishangilia, na furaha yao inaeleweka. Lakini gharama iliyozuiwa kuingia kwenye bei haifutiki. Huweza kujitokeza baadaye kama deni kwa wazalishaji, kama ruzuku, au kama transfoma ambayo haikubadilishwa. Mdhibiti ambaye maamuzi yake yanaweza kutenguliwa kwa siku moja hawezi kuahidi zawadi wala adhabu ikaaminika.

Kenya nayo ina mfano wa kujifunza. Mamlaka ya udhibiti nchini humo, inayoitwa EPRA tangu mwaka 2019, hupanga kiwango cha upotevu ambacho Kenya Power inaruhusiwa kukiingiza kwenye bei. Kinachozidi hapo ni hasara ya kampuni. Pamoja na hayo, kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2020 upotevu ulizidi asilimia 20, juu ya kiwango kilichoruhusiwa. Adhabu iliyowekwa kwa nia njema huipokonya kampuni fedha zilezile ambazo ingezitumia kununua mita na kukarabati njia. Kwa kampuni ambayo Serikali ina zaidi ya nusu ya hisa zake, kufilisika nako si tishio la kweli. Ndiyo maana wataalamu hupendelea malengo yanayokazwa hatua kwa hatua, yakiambatana na fedha zilizotengwa kwa kazi ya kupunguza upotevu na kukaguliwa peke yake.

Nafasi ya mwananchi

Mali bila daftari huisha bila habari, na mdhibiti ndiye mshika daftari wa umma. Lakini hawezi kulishika peke yake. Nchini Tanzania EWURA huitisha mikutano ya taftishi kabla ya kuamua maombi ya kubadili bei, na lipo baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji lililoundwa kisheria kuwasemea wateja. Mara nyingi mjadala katika mikutano hiyo huishia kwenye swali moja: bei ipande au isipande.

Yapo maswali mengine yenye uzito zaidi. Ni asilimia ngapi ya umeme imepangwa kupotea katika bei inayoombwa, na mwaka jana ilipotea kiasi gani? Upotevu ukizidi, nani atalipa? Ukipungua, akiba itagawanywa vipi? Fedha zilizoidhinishwa mara iliyopita kwa ajili ya matengenezo zilitumika kwa kazi hiyo, au kwa nyingine? Umeme ulikatika kwa saa ngapi katika kila wilaya?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha kama bei mpya italipia huduma au italipia uzembe. Uzoefu wa Uingereza, Norway, California na Uganda unatuonyesha kwamba hakuna fomula iliyodumu bila kurekebishwa, na kwamba kila marekebisho yalianza pale mtu alipolinganisha kilichoahidiwa na kilichofanyika. Mkazi anayeingiza tarakimu za Luku kwenye mita yake leo jioni amekwisha kulipia gharama hizo zote, na ana haki ya kujua zimetumikaje.